Sanduku la Barafu la Umoja wa Macho Meupe

Mgeni rasmi, Tata Docteur Elisée Ngeleka, mkuu wa programu inayotuletea vidonge kutoka Lubumbashi. Daktari Merdi, daktari wetu. Mama Abigaël, muuguzi wetu. Wazee wa mtaa, ndugu na majirani mlioacha kazi zenu mkaja: tunawasalimu wote, kila mmoja mahali alipoketi.

KUKARIBISHA

Karibu Kolwezi, Tata Docteur. Tunajua barabara imekutikisa na vumbi la malori umelimeza. Maji ya kunawa yapo, ya kunywa yapo, na kiti hicho chenye kitambaa ni chako. Usishangae kutuona sisi wenyewe tumeketi kwenye benchi refu, nyuso zetu zikitazama jua. Si kwamba tulikosa kivuli. Benchi hili ndilo ofisi yetu, na sababu yake utaisikia.

Sisi ni watu thelathini na mmoja. Wengi wetu tuna saratani ya damu, na wachache wana uvimbe wa tumbo unaotibiwa kwa kidonge hicho hicho. Kati yetu kuna wachimbaji, wauza soko, madereva, mwalimu mmoja, na mama mmoja anayeshona nguo za harusi. Jina letu ni Umoja wa Macho Meupe.

Kabla hatujaenda mbali, neno moja la kukuweka sawa. Anayekusomea ni mama Numbi, na ndiye aliyeandika. Masomo yake yaliishia darasa la nne, lakini mwandiko wake unasomeka kuliko wa Daktari Merdi, na daktari mwenyewe anakubali. Kikundi kilimwagiza aweke humu habari yake yote, hata ile ya aibu, kwa sababu ndiyo inayotueleza sisi sote. Yeye akasema risala ni mali ya wengi, haina mimi ndani yake; kama ni lazima habari zake ziingie, ataziandika kama za mtu mwingine. Tukakubaliana. Basi ukisikia mama Numbi alifanya hivi, mama Numbi alidanganya vile, usigeuze shingo kumtafuta. Ni huyu aliyesimama mbele yako, mwenye kikwembe cha kijani kiunoni.

TULIVYOANZA

Miaka minne iliyopita tulikuwa wanne tu. Hatukujuana. Tulikuwa tukikutana mlangoni kwa Daktari Merdi, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Mama Numbi alikuwa mmoja wa wale wanne. Anauza bukari, ndio ugali wetu, na samaki kando ya njia ya kwenda mgodi wa Mashamba, mahali wachimbaji wanapopumzika wakitoka shimoni, na wote wanamwita Kambo, yaani bibi, maana wengi ni wa umri wa wajukuu zake. Mwaka ule tumbo lake lilianza kukua upande wa kushoto. Mikono ilikonda, uso ulikonda, tumbo likakua. Siku moja mchimbaji mmoja alimaliza sahani yake, akapangusa mdomo, akamwuliza mbele ya wote: "Kambo, hii mimba uliokota wapi, na baba yake eko wapi?" Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama Numbi naye alicheka, akamwambia baba yake ni yeye, alete maziwa. Lakini jioni alipofunga meza alijishika ubavu, na kwa mara ya kwanza aliogopa.

Ilikuwa wengu. Damu yake ilikuwa imejaa chembe nyeupe kupita kiasi, na wengu lilikuwa limevimba mpaka karibu na kitovu. Alikuwa na miaka sitini na moja. Daktari Merdi alimwambia wazi kwamba bila dawa hangeona mvua mbili zaidi. Kisha akamwambia kwamba dawa ipo, na inatoka kwa programu yako.

Tata Docteur, wengi wanadhani dawa ya saratani ni zile sindano zinazong'oa nywele. Sisi tulieleweshwa kwa mfano wa hapa kwetu. Daktari alisema: mchimbaji mjuzi akishuka shimoni hapigi kila jiwe, analijua jiwe jeusi lenye kobalti, anapiga hilo. Kidonge hiki vilevile kinaitafuta chembe mbaya na kuipiga hiyo. Papy, kijana wetu aliyetoka Kasai kuja kuchimba, alimjibu kwamba hata mchimbaji anayelijua jiwe lake huporomosha mengine njiani, na yeye ana kovu kichwani la kushuhudia. Daktari akacheka, akasema Papy amesema kweli, na kwamba mawe hayo yanayoporomoka, kwa wengi wetu, yataangukia tumbo na ini.

Tulikuwa tumeshaanza kuyasikia yakianguka.

HABARI YA TUMBO

Kidonge chenu kinafanya kazi. Tunasema hivyo kwanza ili usije ukadhani tunalalamika. Baada ya miezi mitatu wengu la mama Numbi lilirudi chini ya mbavu, na yule mchimbaji wa mimba alimwuliza kama amejifungua salama.

Lakini tumbo, Tata Docteur, tumbo lilitufundisha adabu. Kichefuchefu cha asubuhi. Kujikunja katikati ya ibada. Kuharisha mara nne, mara sita, na huwezi kupanga saa. Mtu anauza sokoni, anaacha biashara mezani anakimbia. Dereva anasimamisha lori kichakani. Mwalimu anawaachia watoto hesabu ambayo haina jibu ili achelewe kurudi.

Kwa mama Numbi ilikuwa mbaya kwa namna yake. Mtu anayeuza chakula hawezi kuonekana akitapika nyuma ya jiko. Siku hiyo hiyo njia yote ya Mashamba itajua kwamba samaki wake ameoza. Basi akakumbuka dawa ya mama zetu. Wewe ni mtoto wa Katanga, pemba unaijua: ule udongo mweupe unaouzwa sokoni vipande vipande, wanawake wakiwa na mimba wanautafuna kichefuchefu kikiwashika. Mama Numbi alimeza kidonge, akatafuna pemba. Tumbo likatulia. Kesho yake hivyo hivyo. Akaona amepata akili kuliko hospitali, na kwa kuwa si mchoyo, akawaambia na wenzake. Haukupita mwezi, wanawake saba wa kikundi hiki walikuwa wanashushia kidonge kwa udongo.

Chembe nyeupe zikapanda. Zilipanda kwa wale saba. Daktari Merdi alidhani wanaviuza vidonge au wanavitupa, akawaita mmoja mmoja, na kila mmoja aliapa kwamba anameza. Walikuwa wanasema kweli, na hawakuwa wanasema kweli. Hakuna aliyetaja pemba, kwa sababu hakuna aliyeihesabu kuwa dawa. Nani atamtajia daktari kitu anachotafuna tangu ujana wake?

Aliyefumbua jambo ni Mama Abigaël. Alimpokea mama Numbi asubuhi moja, akamtazama mdomo.

"Mama, uko unakula nini?"

"Mi sili kitu."

"Na ile nyeupe ku mudomo?"

"Ni unga ya bukari."

"Unakula unga mubichi, mama? Na moto iko kwako?"

Mama Numbi alifungua fundo la kikwembe chake na kutoa kipande cha pemba, kimetafunwa nusu, akakiweka mezani kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.

Daktari alieleza kwamba udongo ule unashika kila unachokikuta tumboni. Unashika kichefuchefu, ndiyo, lakini unaweza kukishika na kidonge pia, ukatoka nacho. Papy alilisema kwa maneno yake, nasi tunayaandika kwa ruhusa yako: kwamba kwa miezi mitatu Kambo alikuwa akikitibu choo saratani ya damu.

Alhamisi iliyofuata, siku tunayokutana hapa, mama Numbi alisimama mbele ya watu wote, akasema ni yeye aliyewafundisha wale sita. Alisema aliona haya kuharisha, akaona haya kutapika, na haya hiyo ilikuwa karibu iwaue wanawake saba. Hakulia. Aliketi, akaomba maji. Tangu siku ile mambo mawili yamekuwa sheria kwetu. La kwanza: kidonge kinamezwa katikati ya chakula, na bilauri kubwa ya maji, na hakuna kingine kinachoingia tumboni kabla hakijatajwa kwa Mama Abigaël, hata kiwe majani, hata kiwe udongo, hata kiwe kitu cha bibi yako. La pili: kila Alhamisi, hapa benchini, kila mmoja anainua vidole kuonyesha jana alikwenda chooni mara ngapi. Vinne na zaidi, unaingia ndani kuonwa.

Mwanzoni Tata Kasimu, msafirishaji wetu, mtu wa heshima na kanzu safi, alikuwa akiinua vidole vyake chini ya kanzu ili asionekane. Siku hizi anaviinua juu kuliko wote, na kama ni viwili tu anaringa.

TUNAYOJIVUNIA

Tuseme sasa bila kujificha: tunajivuna.

Kutoka wanne tumefika thelathini na mmoja, na katika miaka hii minne hakuna hata mmoja aliyeacha vidonge kwa sababu ya tumbo. Wale saba wote wako hapa. Daktari Merdi anasema chembe zao zimeshuka zikakaa.

Tumejenga vyoo viwili vya matofali nyuma ya jengo hili. Vikundi vingine hujenga ukumbi. Sisi tulijua tunachohitaji. Matofali tuliyachoma wenyewe, Papy na wachimbaji wenzake walichimba mashimo kwa siku moja na nusu, na walituambia ni mashimo ya kwanza maishani mwao waliyochimba wakijua kitakachotokea ndani. Maji ya chumvi na sukari yapo daima katika ndoo yenye kifuniko, na mama anayeshona nguo za harusi ndiye anayeyapima, kwa sababu mkono wake hautetemeki.

Na tunajivunia benchi hili kuliko vyote.

HABARI YA INI

Ini halipigi kelele kama tumbo. Linaumia kimya, na dalili yake inaanzia machoni: weupe wa jicho unageuka manjano. Ndani ya nyumba huwezi kuona. Taa yenyewe ni ya manjano, siku ambayo iko. Aliyetufungua akili ni mama Hawa, mke wa Tata Kasimu. Zamani alikuwa akichambua mawe na wanawake wenzake huko Kingamyambo, na mchambuaji hachambui gizani. Anatoa jiwe juani, analigeuza, ndipo anajua hili ni la kijani la shaba na hili ni jeusi la kobalti. Alhamisi moja alimleta mumewe, akamshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea jua, akatuita tutazame. Manjano ilikuwepo, nyepesi kama chai iliyomwagiwa maji. Vidonge vya Tata Kasimu vilipunguzwa siku hiyo hiyo, akapona, na leo yuko hapa akiringia vidole viwili.

Basi tukatengeneza benchi, tukaliweka upande wa jua la asubuhi. Kila Alhamisi kila mmoja anamgeukia jirani yake, anamshika kidevu, anamtazama macho. Wapita njia walidhani tumeanzisha dini. Kwa miaka miwili benchi limekamata watu watano kabla ini halijaharibika. Watano, Tata Docteur, kwa jua la Mungu na kidole cha kuvutia kope.

Wa sita alikuwa mama Numbi.

Alhamisi ile, karibu wiki tano zilizopita, alifika amevaa miwani mikubwa myeusi ya mjukuu wake. Yeye, mlinzi wa benchi, anayewagombeza wanaochelewa. Akaketi mwisho kabisa.

"Kambo, toa lineti," Papy alimwambia.

"Vumbi ya malori inaniumiza macho."

"Mu Kolwezi yote, vumbi ilikuchagua weye moja?"

Tulicheka. Alicheka naye kidogo, na mkono wake ukapanda kwenye miwani na kukaa hapo. Kisha akaivua. Kicheko kiliishia pale. Macho yake yalikuwa kama kiini cha yai.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini alificha. Tulijua. Ukionekana na manjano, vidonge vinasimamishwa, na mama Numbi alikuwa anajua kuliko wote kinachokuja vidonge vikisimama. Alikuwa amelibeba wengu lile kwa mwaka mzima. Alikuwa ameona mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi kwa siku nane, na kila asubuhi alijiambia kwamba ni jua, kwamba ni kukosa maji, kwamba ngoja kesho. Zaidi ya hapo, alikuwa amekunywa maji ya mizizi aliyoletewa na jirani kwa maumivu ya tumbo, wiki mbili, bila kuyataja. Yeye aliyetunga sheria ya kutaja.

Daktari Merdi hakumgombeza. Alikaa karibu naye hapa hapa benchini. Alimwambia labda ni kidonge, labda ni mizizi, labda ni vyote viwili vimeshikana mikono. Macho yanaweza kusema ini linaumwa, hayawezi kusema ni kwa kiasi gani. Damu ndiyo itakayosema.

"Mi siwezi kubahatisha na ini yako, mama," alisema. "Tunasimamisha. Kipimo ya ini ikishuka, tunarudisha, kidogo kidogo."

Mama Abigaël akachukua vidonge vyake, akaviweka kabatini katika bahasha yenye jina lake, akafunga.

MAGUMU YETU

Hapa ndipo jua letu linapoishia, Tata Docteur.

Mashine ya kupima damu ipo hospitalini hapa. Ni nzuri, na mama anayeshona nguo za harusi aliishonea kifuniko chenye maua. Inahesabu chembe bila shida. Lakini dawa ya kupimia ini iliisha kabla ya mvua, na nyingine haijafika. Kwa hiyo damu ya ini inasafiri mpaka Lubumbashi.

Kichupa cha kwanza cha mama Numbi kilipanda lori la Tata Kasimu, ndani ya sanduku la barafu, kati ya magunia. Tata Kasimu alilikalia karibu kama kuku na yai lake. Lakini njiani, pale Fungurume, malori yalikuwa yamepangana kama shanga, na foleni ile ilimshika siku mbili. Barafu ikawa maji, maji yakawa moto. Lubumbashi walituandikia kwamba damu imeharibika. Tata Kasimu aliposikia alikaa nje ya nyumba ya mama Numbi mpaka mama mwenyewe akatoka kumwambia aingie ale.

Kichupa cha pili kilikwenda kwa basi, kikafika. Majibu yalirudi baada ya siku tisa: kipimo cha ini kimepanda mara saba ya kawaida. Tulishukuru kuyajua. Lakini yalikuwa majibu ya siku tisa zilizopita.

Tangu wakati ule mama Numbi hajagusa mzizi. Amekula vizuri, amekunywa maji. Na Alhamisi mbili mfululizo tumemgeuza uso juani, mmoja baada ya mwingine, watu thelathini, na wote tumeona kitu kimoja: macho yake yamerudi meupe. Mama Hawa aliyatazama mara tatu. Tulitaka kushangilia. Daktari Merdi alifurahi, lakini alitukumbusha kwamba weupe wa macho si karatasi, na bila karatasi hawezi kufungua kabati. Tunamwelewa. Ni daktari mwenye moyo, na ndiyo maana haachi kanuni.

Leo ni siku ya thelathini na nne bila kidonge.

Juzi Daktari alimpima tumbo mama Numbi. Wengu limetokeza tena chini ya mbavu, upana wa vidole viwili. Na Jumatatu, njiani Mashamba, mchimbaji mgeni ambaye hajui lolote alimaliza sahani yake akamwuliza kama ana mimba. Wale wa zamani hawakucheka. Mmoja alimvuta yule mgeni kwa shati wakaondoka, na sahani hazikurudishwa mezani kama kawaida. Walizipanga chini, taratibu, kama watu waliotoka msibani.

Kuna na jambo jingine, nasi tunalisema kwa heshima. Karatasi ya programu yako inasema mgonjwa asiyechukua vidonge kwa siku arobaini na tano anahesabiwa ameacha, na nafasi yake anapewa mwingine. Tunaielewa sheria hiyo. Wako watu mlangoni wanaongoja, nasi tuliwahi kuwa watu wa mlangoni. Ila mama Numbi hajaacha. Kila asubuhi anakuja, anaketi, analitazama kabati kupitia dirisha, anakwenda kupika bukari yake. Zimebaki siku kumi na moja, na barabara peke yake hula tisa.

MAOMBI YETU

Tuliandika maombi tisa. Mama Numbi aliyasoma yote, akayafuta manane, akasema mgeni mwenye maombi tisa hulala nayo na kuamka hana hata moja.

Tunaomba dawa ya kupimia ini ifike hapa Kolwezi, katika ile mashine yenye kifuniko cha maua, na isiwe inaisha. Basi. Benchi litaendelea kuwakamata wanaougua. Hilo tutalifanya wenyewe, hatuombi msaada. Lakini benchi halijui kumwambia mtu kwamba amepona. Hatutaki mwenzetu mwingine akae siku thelathini na nne na macho meupe na kabati limefungwa.

ZAWADI YETU KWAKO

Tata Docteur, kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Ungetegemea jogoo, au kikwembe cha kumpelekea mama nyumbani. Jogoo tumekwisha kumpika, na kwa nini tumemfunga kwenye sahani yenye kifuniko badala ya kumtenga mezani, utaelewa sasa hivi.

Zawadi yetu ndiyo hii anayokuletea Tata Kasimu. Ni sanduku la barafu. Ndani mna vichupa vitatu vya damu: cha mama Numbi, cha Tata Kasimu mwenyewe, ambaye bado anameza vidonge vilivyopunguzwa, na cha Shekina, binti yetu wa miaka kumi na tisa ambaye manjano yake tuliiona Alhamisi iliyopita. Mama Abigaël alivichukua leo saa tatu asubuhi. Tulipomwambia Daktari Merdi tunachotaka kufanya, hakutukubalia wala hakutukataza. Aliandika majina juu ya vichupa kwa mkono wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza mwandiko wake unasomeka.

Gari lako lina bendera. Fungurume malori yatakupisha. Tata Kasimu amewapigia simu madereva wenzake, wanajua gari lako na rangi yake. Ukiondoka kabla ya saa tano, saa kumi uko maabara, na barafu bado ni barafu. Usiliweke nyuma na mizigo, linaruka. Weka miguuni, ulibane kwa visigino hivi, kama Tata Kasimu anavyokuonyesha.

Kulikuwa na ngoma ya watoto, tumeifuta. Tulitaka kukutembeza uone vyoo vyetu. Utaviona safari nyingine, havikimbii. Jogoo utamla njiani, pilipili iko pembeni. Risala hii nayo ilikuwa na ukurasa mmoja zaidi wa kumsifu kila aliyehudhuria, nao mama Numbi ameukunja akauweka kwenye fundo la kikwembe, pale pale alipokuwa akificha pemba. Mliokosa kutajwa mtatusamehe. Mnaona wenyewe jua lilipofika.

Mungu akutangulie mpaka Lubumbashi, akupe barabara nyeupe na dereva asiyesinzia. Ini lako libaki zima, tumbo lako litulie, na macho yako yawe meupe siku zote utakazoishi, na ya watoto wako, na ya wote unaowahudumia.

Namba ya simu ya Mama Abigaël imeandikwa juu ya kifuniko cha sanduku. Ufunguo wa kabati anao shingoni. Ukipiga, sisi tutakuwa hapa benchini.

Ni sisi,
Umoja wa Macho Meupe, Kolwezi.
Imesomwa na mama Numbi, siku ya thelathini na nne.